Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliyeko Dodoma: kabla ya kukata tiketi ya Unguja, tazama upepo na mwezi

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi na kwa watoto. Swali lako la mwezi gani unaofaa kuja kupumzika Unguja nimelipata, na nimeamua kulijibu hadharani kwa sababu kila mwaka ndugu na jamaa wa bara huniuliza swali hilo hilo, nami nimechoka kuandika majibu nusunusu kwenye simu. Jibu fupi ni kwamba mje katika likizo ya Juni, mfikie kaskazini-magharibi mwa kisiwa, na siku zenu za baharini mzipange kwa kufuata mwezi wa angani. Jibu refu ndilo linalofuata, maana najua hutakubali jambo kabla ya kuelezwa sababu zake.

Watu wa bara mkifikiria hali ya hewa ya visiwani huuliza habari za mvua tu. Mvua ina umuhimu wake, lakini mgeni aliyelipia chumba ufukweni huharibikiwa mara nyingi zaidi na upepo, au na maji yaliyopwa saa ile ile aliyotaka kuogelea, kuliko na mvua. Mwaka wetu unaendeshwa na pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia Disemba hivi hadi Machi, likiwa na jua kali na ukavu. Kusi huingia baada ya hapo na kuendelea hadi Septemba au Oktoba, likiwa na nguvu zaidi kati ya Juni na Agosti na likituletea ubaridi wa kipupwe. Hizi ndizo pepo zilizoleta majahazi kutoka Oman na Bara Hindi na kuyarudisha makwao. Nahodha wa zamani hakuondoka bandarini kwa sababu alikuwa na nafasi. Aliondoka kwa sababu upepo wake ulikuwa umefika. Wazee wa mwambao walihesabu siku za mwaka kwa makumi, yaani miongo, tangu siku ya Nairuzi, yaani mwaka mpya wa Waswahili, wakajua wakati wa kupanda, wa kuvua na wa kusafiri. Sisi wa leo tunahesabu siku za likizo tulizobakiza kazini, kisha tunashangaa bahari inapotugomea.

Masika tuyaondoe kabisa. Kuanzia katikati ya Machi hadi Mei, na hasa Aprili, mvua ya Unguja si ile ya kusubiri chini ya mti. Aprili pekee huweza kupita milimita 300. Ni kweli kwamba bei za vyumba hushuka sana wakati huo, na pia ni kweli kwamba hoteli kadhaa za pwani ya mashariki hufunga milango ili zifanye ukarabati, kwa hiyo unafuu huo unaupata mahali ambapo hakuna aliyebaki wa kukupikia. Vimbunga kwetu ni nadra kwa kuwa tuko karibu na ikweta, lakini viwili vinavyotajwa sana vyote vilikuja katika msimu huo: kile cha Aprili 1872, kilichoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Hidaya, kilichofika pwani ya Tanzania Mei 2024 kwa upande wa Mafia. Sikuogopeshi. Nasema tu kwamba mwenye watoto wa shule hana sababu ya kuja wakati huo.

Wifi anapendelea Disemba, na hoja yake ninaielewa, kwa sababu ndipo nyote mnapokuwa na nafasi. Lakini mvua za vuli, ambazo huanza Oktoba na kukolea Novemba, mara nyingine huvuta mguu hadi katikati ya Disemba, na kuna miaka ambayo hupitiliza kama ilivyokuwa 2019 na 2023. Mvua zenyewe mara nyingi hunyesha kwa saa chache kisha jua likatoka, kwa hiyo si hizo zinazonifanya nisite. Kinachonisitisha ni kwamba kuanzia wiki ya Krismasi hadi baada ya mwaka mpya kisiwa hujaa wageni, bei hupanda, na wewe mwenye mshahara wa shilingi unagombea chumba na mwenye kulipa kwa euro. Januari na Februari zingekuwa bora kuliko miezi yote kwa anayetaka bahari angavu, hasa kwa kuzamia kwenye kisiwa kidogo cha Mnemba, ila joto la wakati huo hupita nyuzi 32 na usiku hautulii, na watoto wenu waliozoea usiku wa Dodoma watalala juu ya sakafu. Halafu miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi. Ni mwezi mtukufu na jioni zake ni nzuri mno, lakini familia yenye watoto wadogo isitarajie kula mchana barabarani kama ilivyozoea.

Inabaki Juni. Masika yamekwisha, miti bado ni ya kijani, mchana joto huwa nyuzi 28 au 29, na usiku utajifunika shuka bila kulalamika. Kasoro ya Juni ni kusi, na hapa ndipo wageni wengi wanapopotea, kwa sababu huchagua mwezi vizuri kisha wakachagua upande usiofaa. Kusi hutoka kusini-mashariki, kwa hiyo Paje, Jambiani na Bwejuu za pwani ya mashariki hulipokea usoni. Vijana wanaocheza na vishada vikubwa vinavyowavuta juu ya ubao wanaupenda upepo huo, na ndiyo maana utawakuta wamejaa Paje; lakini mama anayetaka kutandika khanga yake mchangani na kumtazama mtoto wa miaka sita akijifunza kuelea atakula mchanga pamoja na chakula cha mchana. Siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, maji ya Kendwa, kule kaskazini-magharibi, yanaweza kuwa yametulia kama mafuta ndani ya bakuli, kwa kuwa kisiwa chenyewe kimesimama katikati na kuukinga upepo. Kaskazi likiingia, hesabu inabadilika: fukwe zinazotazama kaskazini-mashariki kama Matemwe ndizo zinazopigwa, ingawa Kendwa, kwa kuwa inatazama magharibi, huendelea kupata nafuu. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba Unguja Juni kuna upepo au hakuna, kabla hajakuambia amesimama wapi.

Sasa nikupeleke kwenye jambo ambalo matangazo ya hoteli hayalionyeshi kamwe, nalo ni maji kujaa na kupwa. Picha zote hupigwa maji yakiwa yamejaa. Katika pwani ya mashariki mwamba wa matumbawe uko mbali na ufuo, na kati yake na mchanga kuna uwanda mpana usio na kina. Maji yakipwa wakati wa bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa sana na kupwa sana, uwanda ule hubaki wazi, na aliyetaka kuogelea hutembea muda mrefu juu ya mchanga na mawe kabla ya kulowa magoti. Si ubaya, ni saa ya akina mama wa Jambiani na Paje kushughulikia mashamba yao ya mwani, na mtoto mwenye udadisi ataona mengi katika vidimbwi, alimradi amevaa viatu vya mpira, kwa sababu wamo wanyama wenye miiba. Lakini ni vyema ukaijua saa hiyo mapema.

Kuijua hakuhitaji utaalamu. Chukua kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani karibu na tarehe mosi hadi ya 3 na tena ya 14 hadi ya 17, ndipo kuna bamvua, na tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyopwa hapa kwetu hufika mita 3 hadi 4. Siku hizo maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi na kujaa mnamo saa kumi au saa kumi na moja jioni. Mwezi unapokuwa nusu, karibu na tarehe ya 8 hadi ya 10 na ya 22 hadi ya 24, kuna maji mafu: tofauti hushuka hadi kiasi cha mita 1, na kujaa kwake huangukia asubuhi, saa nne au saa tano hivi. Kati ya hapo, saa ya kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Ukiyashika hayo, umekwisha kuwa na nusu ya ujuzi wa mvuvi. Nusu ya pili utaipata kwa kumuuliza mvuvi mwenyewe, naye atafurahi kuulizwa.

Kwa hiyo usidhani bamvua ni mbaya na maji mafu ni mazuri. Mkitaka kwenda kwenye fungu la mchanga la Nakupenda, mbele ya Mji Mkongwe, mnahitaji maji yaliyopwa, kwa kuwa yakijaa fungu lote hufunikwa. Bamvua la asubuhi linafaa sana kwa safari hiyo. Mkitaka siku moja ya kuiona pwani ya mashariki, nendeni siku ya bamvua pia, mtembee asubuhi maji yakiwa nje, mle, kisha muoge kuanzia saa tisa alasiri. Siku za maji mafu mziweke kwa watoto kujifunza kuogelea, kwa sababu bahari haikimbii. Kendwa na sehemu ya magharibi ya Nungwi hazitegemei sana hesabu hii, kwa kuwa ufuo wake unashuka haraka na maji yanakuwepo muda wote, na hiyo ni sababu yangu ya pili ya kuwapeleka huko.

Kuhusu kuvuka, kutoka Dodoma mpande treni ya SGR, mlale Dar es Salaam, na asubuhi mpande boti ya kwanza. Safari ni ya saa mbili hivi, na wakati wa kusi mkondo huchafuka zaidi kadiri mchana unavyoendelea. Siku mbili kabla ya hapo fuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Wakitoa tahadhari ya upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, ahirisheni kwa siku moja bila kuona haya. Watu wa huku hatujasahau Julai 2012, boti ya MV Skagit ilipozama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Ndiyo maana nakusihi uache siku ya akiba kabla ya kurudi kazini, ili bahari ikichafuka usishawishike kulazimisha.

Mwanao mkubwa ameniandikia akitaka kumwona papa potwe. Mwambie shangazi yake anasema huyo yuko Mafia, tena kati ya Oktoba na Februari, Juni hatampata. Hiyo ni safari nyingine, nayo ina mpango wake wa upepo. Kwa sasa anaweza kuwaona pomboo wa Kizimkazi, ila aombe nahodha asiwafukuze.

Shule ikishatangaza tarehe ya kufunga, nitumie tarehe hiyo siku ile ile. Nitaitazama pamoja na kalenda ya mwezi, nikuchagulie wiki yenye maji mafu mwanzoni na bamvua mwishoni, na niwahi chumba kabla ya Julai, wageni wa Ulaya wanapoanza likizo zao na Kendwa yote kujaa.

Dada yako,
Unguja