Kwa binti yangu mwalimu, aliyeulizwa anashukuru nini

Tukuyu, Rungwe
1 Desemba 2024

Mwanangu mpendwa, mama yangu,

Salamu nyingi katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo. Sisi huku tu wazima. Mguu wa mama yako umepoa, ng'ombe amezaa ndama jike, na mvua zimeanza vizuri, njia ya kushukia kwetu ni utelezi mtupu. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia, maana lile uliloniuliza Ijumaa alfajiri (kwenu bado ilikuwa Alhamisi usiku) si la kujibiwa kwenye simu, tena ulikuwa unalia.

Ulisema chuo unachofundisha huko Marekani kimefungwa kwa sikukuu yao ya Shukrani, wanafunzi wako wa Kiswahili wametawanyika makwao, na familia ya mmoja wao huko Wisconsin ikakualika mezani. Bata mzinga akakatwa, kisha kila mtu kwa zamu yake akataja anachoshukuru mwaka huu. Ilipofika zamu yako ukasema unashukuru kwa chakula, basi, ukanyamaza. Ndipo ukaniuliza: "Baba, nashukuruje mwaka ambao Bibi amezikwa na mimi sipo?"

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za sikukuu hiyo, kwa sababu nilitaka kujua watu hao walikuwa wanashukuru nini hasa. Nimeyakuta mambo ambayo nadhani hukuambiwa pale mezani.

Inasimuliwa kwamba mwaka 1621 wahamiaji wa Kiingereza waliofika Plymouth, pwani ya Marekani, kwa meli ya Mayflower walivuna mavuno yao ya kwanza, wakala karamu ya siku tatu pamoja na wenyeji wao Wawampanoag. Ni kweli. Lakini meli ile ilibeba abiria 102, na baridi ya kwanza ilipokwisha karibu nusu yao walikuwa wameshakufa. Waliokaa kula siku zile walikuwa wafiwa. Mwanamume ameondokewa na mkewe, mtoto hana baba wala mama, na mahindi yapo mbele yao yamekomaa.

Yupo mmoja ambaye sijaacha kumwaza. Anaitwa Tisquantum, mmoja wa wenyeji wale. Mwaka 1614 nahodha mmoja wa Kiingereza aliwateka yeye na wenzake, wakapelekwa Hispania kuuzwa. Akapata njia ya kutoka, akafika London, akajifunza Kiingereza, na mwaka 1619 akarudi pwani ya kwao. Akakuta kijiji chao cha Patuxet hakina mtu. Maradhi yaliyoletwa na wageni kutoka Ulaya yalikuwa yamewamaliza watu wake akiwa mbali. Wale wa Mayflower walikuja kujenga Plymouth pale pale palipokuwa Patuxet, na ni huyu Tisquantum aliyewafundisha kupanda mahindi, akawaonyesha kufukia samaki shimoni ili ardhi ipate mbolea.

Mama, huyo alikuwa mwalimu. Alifundisha kwa lugha aliyoijulia ugenini, akisimama juu ya ardhi ya ndugu zake ambao hakuwazika. Nilipofika hapo niliweka simu chini nikakuombea.

Nimesoma pia kwamba tangu mwaka 1970 wapo wazawa wa nchi hiyo wanaokusanyika Plymouth siku hiyo hiyo ya Alhamisi kuomboleza, kwa ajili ya watu wao na ardhi yao iliyochukuliwa. Siwashangai. Kumshukuru Mungu kwa mavuno huku umemsahau aliyekuonyesha kupanda, hiyo ni shukrani yenye kasoro, na wewe Mkristo, tena mwalimu, usikubali kuifundisha hivyo. Hata Rais Lincoln wa Marekani alipoitangaza siku hiyo kuwa ya taifa zima, mwaka 1863, nchi yake ilikuwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na vijana wanazikwa kila siku. Kwa hiyo machozi yako hayakuiharibia ile familia sikukuu yao. Sikukuu hiyo imekaa na msiba tangu mwanzo.

Sasa nije kwa Bibi.

Mavuno ya mwaka huu ulikuwepo, ulimwona kanisani amekaa benchi la pili na kitenge chake cha bluu. Kuna jambo hukuliona, kwa sababu wakati ule ulikuwa Dar es Salaam unashughulikia viza. Majuma kadhaa kabla ya Sikukuu ya Mavuno aliniita mgombani akanionyesha mkungu mmoja, ule mgomba ulio karibu na choo cha zamani, akaniambia niutegemeze kwa mti mgomba usianguke. Kila asubuhi alikwenda kuuangalia. Alikuwa anashika ndizi moja moja kwa vidole, macho hayamsaidii tena, anapapasa zile kingo kuona kama zimeanza kujaa. Akaja mchuuzi anayekusanya ndizi za kupakia kwenye lori la Dar, akautaka mkungu ule kwa bei nzuri kuliko mingine yote. Bibi akamwambia, "Huo una mwenyewe." Akamuuzia mitatu midogo.

Jumapili yenyewe niliubeba mimi. Baada ya ibada ukaingia mnadani pamoja na madebe ya mahindi, viazi, maharage, kuku waliofungwa miguu, na lile yai moja ambalo kila aliyelinunua alilirudisha linadiwe tena mpaka watoto wakawa wanapiga makofi. Wewe ulikuwa umeshika daftari la kuandika walionunua, kwa hiyo bei ya mkungu ule unaijua kuliko mimi. Ila ulikuwa hujui ulivyolelewa kabla haujafika pale. Bibi yako alikuwa akimpa Mungu ule mkungu bora, si uliobaki, na alifanya hivyo hata miaka ile ambayo ada yangu ya chuo cha ualimu ilikuwa inatoka kwenye mikungu hiyo hiyo.

Uliniuliza unashukuruje. Nenda kasome Kumbukumbu la Torati 26, usome taratibu. Mkulima ametia malimbuko yake kikapuni, ameyaleta mbele za Bwana, kuhani amekipokea kikapu. Ungetegemea aseme asante aondoke. Anaamriwa kwanza asimulie: baba yake alikuwa Mwarami karibu na kupotea, akashuka Misri, akakaa huko ugenini, Wamisri wakawatesa, wakalia, Bwana akasikia. Ayaseme yote hayo kwa sauti, kikapu kipo mbele yake, ndipo afike kwenye "na sasa nimeleta malimbuko." Shukrani ya Biblia inapita kwanza kwenye machozi, haiyarukii. Na aya ya 11 inaagiza mtu afurahie mema hayo pamoja na Mlawi na mgeni aliye kati yake. Mgeni ametajwa, mama. Kiti chako pale Wisconsin kilikuwa kimeandikwa kwenye Torati kabla ya huyo bata mzinga hajafikiriwa.

Hivyo ungeweza kabisa kusema mezani: "Namshukuru Mungu kwa bibi yangu. Aliuza ndizi kando ya barabara baba yangu akawa mwalimu, na baba akanisomesha mimi nikawa mwalimu. Alizikwa Septemba, nami sikuwepo." Wangekusikiliza. Watu waliokuacha ukae nao siku kama ile wasingeona vibaya kuijua huzuni yako. Bado hujachelewa. Waandikie barua, uwaambie hivyo hivyo, na umshukuru kwa jina aliyepika na aliyekuja kukuchukua kwa gari.

Na mahindi nayo nakuomba uyafundishe. Jana tulipanda shamba la bondeni, mimi na vijana wawili wa jirani. Unakumbuka kazi yenyewe: kamba imevutwa, shimo, mbolea kidogo, udongo mwembamba juu yake ili mbegu isiungue, punje mbili, kufukia kwa mguu. Nilikuwa naangusha zile punje huku namfikiria Tisquantum na samaki wake. Ugali tunaouona wetu kuliko chochote ulitoka bara hilo uliko. Wakulima wa Mexico walilitunza hindi kwa maelfu ya miaka, wakilichagua punje kwa punje kutoka kwenye majani ya porini, na Wareno ndio wanaotajwa kulileta pwani zetu. Hakuna hata mmoja wa wakulima hao ambaye jina lake tunalijua, na watu wa Mbeya, Iringa na Rukwa wanakula kila siku kwa kazi ya mikono ya wakulima hao. Wanafunzi wako wanajua mahindi ni chakula cha kwao, sidhani kama wanajua yalivyo kwetu. Wape somo hilo kwa Kiswahili rahisi cha mwaka wa kwanza, halafu kila mmoja aandike sentensi tano zinazoanza na "Namshukuru," na kila sentensi iwe na mtu ndani yake.

Siku ya mazishi ya Bibi ulifundisha, uliniambia. Ulisimama darasani ukafundisha salamu. Usijilaumu kwa hilo, mwanangu. Saa hiyo hiyo kina mama wa kanisa walikuwa wamejaa uani kwetu. Walilala hapa hadi matanga yakaanuliwa, wakachota maji, wakaleta kuni kichwani kwenye ukungu ule wa asubuhi, na wawili wao ndio waliomwosha na kumvika. Walifanya pia sehemu ambayo wewe ungefanya. Kwa hiyo nina ombi. Waandikie barua ukurasa mmoja, nitakutumia majina yao kwenye simu, uwataje mmoja mmoja na alichofanya. Nitampelekea mchungaji isomwe wakati wa matangazo Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi. Ukitaka kuambatanisha sadaka ya shukrani, iwe kidogo. Barua ndiyo wanayoihitaji.

Mwishoni uandike "ndaga fijo", asante sana ya Kinyakyusa chetu, maana wale wazee wawili wa benchi la mbele Kiswahili hakiwaingii sana moyoni.

Leo ni Majilio ya kwanza, kwaya imeanza mazoezi na mama yako amerudi sauti imemkauka. Anakusalimu, anasema ununue viatu vya baridi vya maana kabla hujafikiria kutuma hela yoyote nyumbani, na kwamba nikuulize hao watu wa Wisconsin wanapika mahindi mabichi kwa namna gani.

Bwana akulinde.

Ni mimi baba yako.