Barua kwa Ami kuhusu miti ya kiambo kabla ya masika

Houston, Texas
Februari 2025

Ami yangu mpendwa,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe na Mama na Bibi na jamaa wote wa Wete. Mimi huku, alhamdulillahi, sina la kulalamikia ila baridi.

Mama amenieleza kwa simu kwamba tanzu la mwembe wa uani limeangukia bati la jiko, na kwamba kwa sababu hiyo umeshapatana na mwenye msumeno wa moto aje aukate mwembe kichwa, kisha ahamie kwenye mshelisheli wa mbele, ila mfenesi wa nyuma ya chumba cha Bibi auache kwa kuwa bado unazaa sana. Ami, si haki yangu kukuamulia mambo ya kiambo unachokiangalia wewe. Lakini riziki yangu huku inatokana na kazi hii hii ya kutunza miti ya majumbani, na kwa picha alizonitumia Mama naona kwamba mti uliopangwa kuachwa ndio unaostahili kuondoka, na ile iliyopangwa kukatwa vichwa ndiyo ya kubakishwa.

Mtaa ninaofanyia kazi uko pembezoni mwa jiji, na nyumba zake zilijengwa katikati ya misonobari na mialoni ambayo leo imezeeka pamoja na wenye nyumba. Tarehe 8 Julai 2024 kilipita hapa Kimbunga Beryl. Kilikuwa cha daraja la 1, ambalo ndilo la chini kabisa katika madaraja 5, na bado zaidi ya wateja milioni 2 walikosa umeme, na wapo waliofariki kwa kuangukiwa na miti wakiwa ndani ya nyumba zao. Tulipokuwa tukiondoa magogo juu ya mapaa, mara nyingi niliona kwamba mti ulioanguka ulikuwa na sababu yake tangu zamani: mizizi iliyooza, au iliyokatwa na mtaro wa bomba, au panda ya matawi iliyoungana vibaya. Upepo ulikuja kumalizia tu.

Najua wazee husema Pemba si kisiwa cha vimbunga, na wana hoja, kwani kile cha Aprili 1872 kiliilaza mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya kwetu imesimama, ndipo karafuu ikahamia Pemba. Hata hivyo Mei 2024 Hidaya kilifika upande wa Mafia, na isitoshe mti mgonjwa hauhitaji kimbunga. Masika yakishalowesha udongo, kusi ya kawaida inatosha.

Nianze na kukata kichwa, kwa sababu huku pia wenye nyumba hulilia jambo hilo kila baada ya dhoruba. Mti hauponi kidonda kama mwili wa mtu unavyopona. Alex Shigo, mtafiti wa misitu wa serikali ya Marekani, alipasua maelfu ya miti ili aione kwa ndani, akaonyesha kwamba mti hujenga ukuta wa kuuzingira uozo na kuendelea kuota mbao mpya kwa nje, lakini kilichooza hakirudi kuwa kizima. Tawi dogo likikatwa mahali pake, ukuta huo hufunga haraka. Tanzu nene kama kiuno cha mtu likikatwa katikati, jeraha hubaki wazi miaka mingi, maji na uyoga huingia, na uozo hushuka kuelekea shinani. Wakati huo huo mti ulionyang'anywa majani yake, ambayo ndiyo jiko lake, hutoa machipukizi mengi kwa pupa pembezoni mwa jeraha. Machipukizi hayo hurefuka haraka na kuwa matawi mazito, nayo yameshika kwenye tabaka la juu tu la mbao. Baada ya miaka michache mtakuwa na mwembe mrefu kama ulivyokuwa, wenye matawi mengi zaidi yaliyo tayari kukatika, juu ya shina lililooza.

Tanzu lililoangukia jiko nimelitazama sana katika picha. Pale lilipochanika kwenye panda pana gome jeusi lililokunjwa kwa ndani, maana yake matanzu mawili yalikua yamebanana na gome likakaa katikati yao, kwa hiyo hayakuwahi kushikana mbao kwa mbao. Tanzu lililobaki lipunguzwe uzito kwenye ncha zake tu, na jumla ya majani yatakayoondolewa mwembe mzima isizidi robo. Kila tawi linalotoka likatwe nje kidogo ya ule uvimbe uliopo linapoungana na mwenzake, pasiachwe kigingi wala pasichongwe hadi shinani. Fundi aanze kwa kulikata kidogo kwa chini, kama shibiri moja na nusu kutoka kwenye shina, halafu alikate kwa juu mbele kidogo ya hapo, na mwisho aondoe kipande kilichobaki. Bila hivyo tawi litaanguka na kuchuna gome mpaka chini. Jeraha lisipakwe rangi wala lami, wala tundu lisizibwe kwa sementi. Zamani walifanya hivyo huku, wakaacha walipoona haizuii uozo.

Sasa mfenesi. Mama aliupiga picha ili kunionyesha mafenesi, lakini mimi niliona kilichopo chini yake: uyoga mgumu wa rangi ya kahawia umejitokeza shinani kwa umbo la rafu, sawasawa na ardhi, na upande wa pili wa mwinamo udongo umepasuka ufa mrefu. Hapo ndipo yanapoishia maji ya kuoshea vyombo, na mfenesi ni mti usiostahimili mizizi yake kukaa ndani ya maji. Mazao yake yasikudanganye, kwa sababu mti huweza kuwa na majani ya kijani na matunda tele huku mizizi inayoushikilia imekwisha. Ukitaka kuhakikisha, ugonge shina pande zote kwa mpini wa shoka na usikilize mahali panapotoa sauti ya utupu. Kisha penye tundu uingize waya kupima mbao nzima iliyobaki. Kanuni tunayoifuata ni kwamba mbao hiyo isipungue theluthi moja ya nusu kipenyo, yaani shina la sentimita 90 liwe na angalau sentimita 15 za mbao nzima kila upande. Lakini ule ufa wa udongo peke yake umeshanitosha. Tafadhali Bibi alale chumba cha mbele mpaka mfenesi utakapoangushwa, nao ushushwe vipande vipande kwa kamba kuanzia juu, kwa kuwa umeelekea ukuta wake.

Mshelisheli hauna tatizo kubwa. Mbao yake ni laini na matawi makavu huvunjika upesi, basi yaondolewe hayo makavu tu.

Kinachonitia wasiwasi kuliko msumeno ni karo jipya, yaani shimo la maji machafu, mnalokusudia kulichimba kati ya mwembe na ukuta. Watu hudhani mizizi imeshuka chini kama ilivyopanda miti juu, kumbe mingi imo katika nusu mita ya kwanza ya udongo, na imetambaa kupita mwisho wa kivuli. Shimo la karo hatua mbili kutoka shinani litakata mizizi ya upande mmoja mzima, na mwembe hautaonyesha chochote kwa miaka kadhaa, mpaka siku ya upepo. Naomba karo lihamishiwe upande wa banda la kuku, hata kama bomba litarefuka. Gharama ya bomba nitaibeba mimi. Na ile sakafu ya sementi iliyouzunguka mwembe ipasuliwe, pawekwe majani makavu yasiyogusana na shina, na taka zisichomwe tena hapo.

Minazi miwili ya njiani iangaliwe kama ina chonga, yule mdudu atoboaye minazi, kileleni, na wakwezi wasichonge vidato vipya, kwa kuwa mnazi hauna uwezo wa kufunika jeraha hata kidogo.

Kabla ya kuangusha mfenesi, apitiwe Sheha ili kibali cha watu wa misitu kipatikane. Kwa mkarafuu wa mpakani ndiyo msithubutu kabisa kuugusa bila ruhusa. Matawi yaliyokaribia waya wa umeme yaachiwe wenye umeme wao. Fundi naye alipwe fedha taslimu, asilipwe kwa kuni na mbao, maana anayelipwa kwa kuni kila mti atauona mbovu. Malipo yake nitayatuma kwa simu ya Mama mwisho wa mwezi.

Nakuomba unipigie picha za shina la mwembe kutoka pande zote nne, karibu na ardhi, kabla hamjaanza chochote. Nisalimie Bibi na umwambie embe zake nimezikumbuka.

Wasalaam,
Mwanao