Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Tabora: Mtoto apimwe selimundu wiki ya sita

Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa,

Naanza na ombi, maelezo yafuate. Kila mtoto anayeletwa chanjo ya wiki ya sita mkoani kwetu, kuanzia Igunga hadi Kaliua, apimwe selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi ambao chembe nyekundu hujikunja kama mundu, siku hiyohiyo, na jibu liingizwe kwenye mfumo wa kielektroniki palepale, lisiishie kwenye daftari la mama.

Wiki ya sita nimeitaja makusudi. Mtoto mwenye selimundu huzaliwa na himoglobini ya tumboni, yaani ile aina ya kibeba-oksijeni cha damu anayoitengeneza kabla ya kuzaliwa, na hiyo humkinga miezi ya mwanzo. Ananyonya, anacheka, uzito unapanda, hakuna anayeshuku kitu. Himoglobini hiyo ikishapungua, maumivu na homa huanza. Penisilini ya kinga inatakiwa ianze kabla ya hapo, mwezi wa pili au wa tatu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1986 ulionyesha kuwa dawa hiyo ilipunguza maambukizi makali ya bakteria wa nimonia kwa asilimia 84, ukasimamishwa mapema ili watoto wote waliokuwemo waipate. Ni dawa ya bei ya chini. Tena kipimo kikiwekwa kwenye chanjo badala ya wodi ya wazazi peke yake, hata aliyezaliwa nyumbani kule ndani ya Sikonge tutampata.

Mwanangu vidole vya mikono yote miwili vilivimba hajafikisha mwaka. Ngozi ilikuwa inang'aa, ukimgusa anapiga kelele. Tulipewa dawa ya malaria, tukarudi, tukapewa tena. Bibi yake akamchanja chale juu ya viganja, na makovu anayo mpaka leo. Alipokuja kupimwa selimundu bandama lilikuwa limeshavimba, na daktari alipotaka historia yake nilichokuwa nacho ni daftari lililolowa mvua, nusu ya maandishi hayasomeki. Simlaumu mhudumu aliyetupokea mwanzo. Kipimo hakuwa nacho, na mtoto mwenye homa Tabora kila mtu hufikiria malaria kwanza.

Kipimo sasa kipo. Tone la damu ya kisigino, jibu ndani ya dakika chache, bila umeme wala maabara kubwa. Muhimbili na Temeke walikwishapima watoto wachanga miaka ya 2015 na 2016, kwa hiyo uzoefu upo humuhumu nchini. Daftari la chanjo la kielektroniki nalo lilishaanzia Arusha. Kinachokosekana ni kuviunganisha.

Nasisitiza jambo hili sasa kwa sababu tiba ya seli inakwenda mbio na watoto wetu wataachwa. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, inapandikiza uloto, ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa watoto wenye selimundu tangu mwaka 2023. Upandikizaji unahitaji ndugu wa baba mmoja na mama mmoja anayeshabihiana naye kwa aina ya tishu, na kwa kila ndugu nafasi ni moja kati ya nne. Pia unafaa zaidi kabla ugonjwa haujaharibu viungo. Mtoto anayegundulika amechelewa, hata Dodoma atafika amechelewa. Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayohariri vinasaba vya seli shina, yaani seli mama za damu, za mgonjwa mwenyewe ili damu yake irudie kutengeneza himoglobini ileile ya tumboni. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Siombi hiyo kwako. Lakini tafiti za kuirahisisha zitaendelea, na mtafiti huenda kwenye kliniki inayowajua watoto wake. Utafiti wa haidroksiyurea, dawa ya kumeza ya selimundu, uliotoka mwaka 2019 ulifanyika Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya na Uganda, ukaonyesha watoto wanapungukiwa na maumivu, vifo na hata malaria. Tanzania inazaa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Wa Tabora ni wangapi, na wako kata zipi? Bila orodha hawawezi kutibiwa, wala kuhesabiwa katika utafiti wowote.

Orodha hiyo ilindwe. Jina la mtoto na damu yake visitoke nje ya kituo kwenda kwa mtafiti bila mzazi kuelezwa na kukubali, kwa Kiswahili au Kinyamwezi anachokielewa, na akikataa asinyimwe huduma. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022 ipo. Itumike na kwetu.

Kama bajeti haitoshi mkoa mzima, anza na wilaya moja. Mimi napendekeza Kaliua, kwa umbali wake na hospitali ya rufaa. Wazazi wenye watoto wa selimundu tuko tayari kuja ofisini kwako na kukaa na wahudumu wa chanjo, tuwaeleze dalili tulizoziona na tukazipuuza kwa kutojua. Tupangie siku.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzazi, Kaliua