Mbwa akipotea, mtafuteni jirani, tena kimya kimya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme na wenzangu wanaofuga mbwa, na zaidi wale wasiofuga, maana mbwa akipotea hao ndio humwona kwanza.

Usiku wa kuamkia mwaka mpya, hapa Kihonda, Morogoro, mbwa wetu Simba alikuwa amefunguliwa kama kawaida ya usiku. Fataki zilipoanza kulia saa sita alipenya kwenye ua wa michongoma akapotea gizani. Tulimpata siku ya sita. Siku tano za mwanzo tuliziharibu kwa kutafuta vibaya, na ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Tulikodi bodaboda mbili tukazunguka mpaka Msamvu na Nanenane, watoto wakiliita jina lake kwa sauti ya juu kabisa. Kumbe mwenyewe alikuwa amejilaza kwenye pagale, mwendo wa dakika tano kutoka getini kwetu! Daktari wa mifugo alinieleza baadaye kwamba mbwa aliyekimbia kwa hofu mara nyingi hujificha jirani tu na hatoi sauti. Anaweza kumsikia hata anayemlisha kila siku akiita na asisogee, kwa kuwa hofu imemzidi. Ukimkimbilia, naye anakimbia, na kwetu huku mbele yake kuna barabara ya Dodoma na malori yake.

Nawasihi basi: anzeni na mapagale, makalvati, chini ya makontena na kwenye migomba ya jirani. Nendeni usiku mtaa ukishatulia, au saa kumi na moja alfajiri, watu wawili tu na tochi. Mulikeni chini chini, macho yake yatang'aa. Mkimwona, kaeni chini palepale, mgeuzieni ubavu, msimkazie macho, mtupieni kipande cha nyama na mseme naye kwa sauti ile ya kila siku. Inaweza kuchukua saa nzima. Sisi tulikaa karibu saa mbili, mbu wakitula, mpaka alipotambaa mwenyewe kuja kwenye kanga ya mama, ambayo kwa bahati ilikuwa haijafuliwa. Nyumbani pia acheni nguo iliyovaliwa na bakuli la maji karibu na geti, na mtu mmoja akeshe hapo.

Dume lililofuata jike lililo kwenye joto ni habari nyingine. Hilo halijajificha, litafuteni kwenye kundi la mbwa, hata mtaa wa tatu, na mkilirudisha lipelekeni kwa daktari siku hiyohiyo, kwa sababu kwenye makundi hayo mbwa huumana na kichaa cha mbwa hupita kwenye meno. Na mtu yeyote akiumwa wakati wa kumkamata mbwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali akachanjwe. Asisubiri kuona kama mbwa ataugua.

Kuhusu matangazo: wekeni picha, mtaa na namba ya simu, lakini alama moja ya mwilini mwake ifichwe. Sisi tulipigiwa simu na watu watatu waliodai wanaye na wanataka kwanza tuwatumie nauli. Hakuna hata mmoja aliyeweza kusema ni mguu gani una kovu. Inauma kuona watu wanafanyia biashara machozi ya watoto.

Waulizeni walinzi wa usiku, wauza maziwa, wazoa taka na wenye bucha. Simba alionwa na mama anayekaanga vitumbua, ambaye huwasha jiko saa kumi alfajiri. Alimwona akilamba maji mtaroni. Mama huyu ni Mwislamu na hakumgusa, wala sikutarajia amguse. Alimwambia mwanawe asimrushie jiwe, akatazama alikoingia, akanipigia simu. Msaada wenyewe ni huo, na unawezwa na mtu yeyote, hata anayeogopa mbwa kabisa.

Kwa viongozi wetu nina ombi. Ofisi ya serikali ya mtaa iwe na daftari la mbwa waliopotea na walioonekana, likiwa na tarehe, rangi na namba ya simu, na mjumbe apewe taarifa. Pale halmashauri inapopanga kuua mbwa wazururaji, gari la matangazo lipite siku kadhaa kabla, na daftari hilo lisomwe kwanza. Mbwa wangu ana kadi ya chanjo, ila kwa siku tano alikuwa na matope mwilini na hana mkanda shingoni. Angeonekana mzururaji kama wengine. Sasa ana mkanda wenye namba yangu ya simu, na mkesha ujao atalala ndani, kwenye stoo, mlango umefungwa na redio imewashwa.

Mwenyekiti wa mtaa wetu nimemwambia daftari nitalinunua mimi. Naomba aniambie tu ni lini nililete.

Mfugaji,
Kihonda, Morogoro.