Barua kwa mwanangu: complement na compliment

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Nimeisoma barua yako ya maombi ya kazi na nimefurahi kuona unavyojieleza waziwazi bila kujikweza. Neno moja tu ndilo lililonisimamisha. Umeandika kwamba ujuzi wako "will compliment the team". Kwa herufi hiyo ya i, umemwambia mwajiri kuwa ujuzi wako utaimwagia sifa timu yake. Ulichokusudia ni "complement", kwa e: utaijazia timu pale inapopungukiwa. Kompyuta haikukuonya kwa kuwa maneno yote mawili yamo kwenye kamusi. Ningeweza kukusahihishia nikanyamaza, lakini haya ni maneno ninayoyapenda, na nataka uyajue kwa asili yake, si kwa kukariri tahajia.

Sikio halitakusaidia. Sisi tumezoea lugha ambayo e ni e na i ni i popote zilipo. Kiingereza humeza irabu isiyotiwa mkazo, na hiyo ya katikati hufifia kiasi kwamba maneno haya mawili hutamkwa sawasawa. Ndiyo maana hata wenye lugha yao huyachanganya.

Tena ni ndugu wa tumbo moja. Kilatini kina kitenzi complere, yaani kujaza hadi kitu kitimie, na humo ndimo lilimotoka pia neno complete. Complement lilitoka huko likiwa na e yake. Compliment lilizunguka. Wahispania walikuwa na cumplimiento, maana yake kutimiza. Waitalia wakalichukua wakasema complimento. Wafaransa wakalipokea, na katika karne ya 17 Kiingereza kikalichukua kwa tahajia ya Kifaransa. Lakini kilichokuwa kikitimizwa ni nini? Ni adabu. Ukikutana na mtu una wajibu wa kumwamkia, kumjulia hali na kumpa heshima yake. Ukifanya hivyo, umetimiza. Hilo huhitaji kuelezwa sana wewe, maana umelelewa kujua kwamba anayepita bila kusalimu ameacha deni nyuma yake.

Kwa hiyo compliment ilianza kuwa salamu ya heshima, ndipo baadaye ikawa neno zuri unalomwambia mtu kuhusu hotuba yake au vazi lake. Maana ile ya kale haijafa. Mtu akikuandikia "my compliments to your mother", ananisalimu, hajanisifu. Na yale maneno "Yours faithfully" uliyofungia barua yako huitwa complimentary close, kwa sababu ni maneno ya heshima. Enzi za Shakespeare mpaka kati ya tahajia hizi mbili haukuwa umekaa sawa. Katika Romeo and Juliet, Mercutio anamwita Tybalt "captain of complements", kwa e, na anayemsema ni bingwa wa taratibu na adabu za kupigana kwa panga. Hakuna anayejazia chochote hapo.

Complement yenyewe haikuondoka kwenye kujaza. Pembe ya nyuzi 30 ina complement ya nyuzi 60, kwa kuwa zikiwa pamoja zinatimia 90. Meli yenye "full complement" ni meli ambayo mabaharia wake wametimia. Mwishoni mwa karne ya 19 mwanasayansi Mjerumani Paul Ehrlich alilitumia neno hilihili kuitia jina sehemu ya damu inayokamilisha kazi ya kingamwili dhidi ya vimelea.

Anayenigusa zaidi, hata hivyo, ni Niels Bohr, mwanafizikia wa Denmark. Mwaka 1927 alieleza kwamba elektroni katika jaribio moja huonekana kama wimbi, na katika jaribio jingine kama chembe. Huwezi kuziona sura zote mbili kwa mara moja, na ukiitupa mojawapo maelezo yako yanabaki na pengo. Uhusiano huo aliuita kwa neno lililotokana na complement. Mwaka 1947, nchi yake ilipomtunuku nishani ya Tembo na akatakiwa kuwa na ngao yenye nembo yake, aliandikisha juu yake maneno ya Kilatini "Contraria sunt complementa": vinyume hukamilishana. Nakuandikia haya kwa sababu watu wengi hudhani complement ni kitu kinachofanana na kingine au kinachokipendeza tu. Sivyo. Lazima kilete kile ambacho mwenzake hana. Katika barua yako, basi, haitoshi kuweka e. Mwajiri akiisoma sentensi ile atauliza timu yake inakosa nini na wewe unaleta nini, na kwa sasa hujasema. Umefanya hesabu za miradi miaka yote hii. Liandike hilo palepale.

Ukisita, mtazame mtenda. Kusifu kunahitaji mtu mwenye kinywa au kalamu. Rangi, kiungo au ujuzi hauwezi kumsifu mtu, kwa hiyo hapo weka e. Ugumu unabaki pale watenda ni watu. "They complement each other" na "they compliment each other" zote ni sentensi safi. Wa kwanza, mmoja ana subira na mwingine ana wepesi, na kazi inakwenda. Wa pili wanaambiana maneno matamu. Wapo wanaofanya yote mawili, na wapo wanaosifiana kutwa bila yeyote kuziba pengo la mwenzake. Hapo kanuni haikuokoi. Jiulize tu unataka kusema lipi.

Vivumishi vyake navyo viangalie, kwa kuwa vinagusa mfuko. Hoteli ikiandika "complimentary breakfast", kifungua kinywa ni bure, ni takrima kwa mgeni. Lakini "complementary medicine" ni tiba inayotolewa sambamba na ile ya kawaida ya hospitali, na hakuna aliyeahidi kwamba ni bure. Ukilikuta neno hilo kwenye kipeperushi, uliza gharama kabla hujakubali.

Akupendaye,
Mama