Idi, ile ndoo ya machinjioni iacheni huko huko

Ngamiani, Tanga
Jumatano usiku

Mwanangu Idi,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo. Mguu wa baba yako umepungua uvimbe, na mvua tunaisikia kwa jirani tu. Nakuandikia karatasi kwa sababu kila nikipiga simu unasema "mama, niko lokesheni," halafu unakata. Zuhura anapanda basi la alfajiri kesho, atakukabidhi barua hii mkononi pamoja na mzigo.

Nimesikia Jumatatu mnaingia Kisarawe, msituni, siku nne, kupiga hiyo filamu yenu mpya. Sawa. Nimesikia pia kwamba kuna kijana wenu ana mjomba machinjioni, na huyo mjomba amewaahidi ndoo ya damu ya ng'ombe kwa ajili ya pale mwisho. Zuhura usimgombeze, nilimbana mwenyewe mpaka akasema. Idi, hiyo damu msiichukue.

Usiniambie ni ya bure. Najua ni ya bure. Najua pia utasema ng'ombe amepimwa na nyama imepigwa muhuri. Baba, muhuri wa bwana mifugo ni wa nyama itakayokwenda kwenye sufuria ikachemka. Haukupigwa ili mtu aje kumwagiwa damu mbichi machoni. Mwaka 2007 ilipovuma homa ya Bonde la Ufa kule Dodoma, hatari haikuwa kwa wenye mifugo peke yao, ilikuwa pia kwa anayechinja na anayechuna, kwa kuishika tu ile damu. Kuna kimeta, kuna brusela, na mnyama anaweza kuwa nayo huku unamwona amenona. Na ninyi mmepanga kumtia yule mwigizaji wenu, mtoto wa watu, mdomoni, si ndivyo? Si ndiye anayekufa huku anatema?

Mambo ya dini baba yako atakueleza, mimi sitamtangulia. Ila unajua damu iliyomwagika ni nini kwetu. Huyo kijana atasali na mwili upi hizo siku nne, na maji yenyewe mtabeba kwa madumu?

Tena haitawafaa hata kwa hiyo kazi yenu. Damu ikitoka mwilini, dakika tano mpaka kumi imeshaanza kuganda. Ndoo ikifika Kisarawe ndani mna kitu kama maini kinachoelea kwenye maji ya njano. Itakayobaki itageuka rangi ya kutu kabla hujapanga kamera, na kwa jua lile nzi watawatangulia kazini. Nimekaa wodini miaka 31, sihitaji kusimuliwa damu inavyonuka saa nane mchana.

Sasa nikwambie jambo. Ile filamu yenu ya kwanza, ulipouliza nikakujibu nimeimaliza, sikuwa nimeimaliza. Niliishia pale yule mtu anapopigwa panga la paja, nikaondoka kwenda jikoni. Juzi nimeimalizia. Mara mbili. Yule kijana anajua kufa, sikutegemea. Lakini damu yenu, Idi! Ilikuwa nyekundu ya kung'aa tangu mwanzo mpaka mwisho, hata kwenye shati ambalo kwa hadithi yenu lilikuwa limelala usiku kucha. Na paja zima limefunguka halafu vidonda vyote vinatoa matone, kama bomba bovu. Mshipa wa ateri ukikatwa damu inaruka, inapumzika, inaruka, kwa mapigo ya moyo, na ni nyekundu mbichi. Ya vena inatiririka polepole na rangi yake imekolea. Kichwani, kidonda cha urefu wa ukucha tu kinaweza kuufunika uso mzima. Ungeniuliza. Una mama muuguzi mstaafu, unakwenda kuuliza mjomba wa watu machinjioni.

Ungeniuliza na la sukari pia, maana hiyo kazi imetoka kwenye sufuria langu. Damu ya filamu ni ubuyu bila ubuyu. Sukari vikombe 2, maji kikombe 1, chemsha kama shira ya kalimati, kamua ndimu kidogo isije ikarudi kuwa punje. Ikipoa, tia rangi nyekundu ya chakula. Ninyi mliishia hapo, ndiyo maana ikafanana na midomo ya watoto wanaotoka shule. Inatakiwa kakao, kijiko kimoja cha chai kwa kikombe, ikorogwe kwanza na maji ya vuguvugu isifanye madonge. Halafu rangi ya kijani, tone moja la ncha ya kijiti, ili ule wekundu uache kupiga kelele. Paka kwenye kitambaa cheupe, subiri, ndipo uamue. Kwenye sufuria inakudanganya. Tomato usirudie, inaonekana ya machungwa na inanukia chipsi. Kwa damu iliyolala, ongeza kakao na kahawa kidogo, upake kwa sifongo. Kwa donge la kidondani, konflawa iliyopikwa.

Ile karatasi uliyoniachia, ya mapishi ya damu ya yule fundi wa vipodozi vya filamu wa Kimarekani, Dick Smith, nimeisoma na miwani. Shira ya mahindi kwetu si ya kuokota, hilo tumelivuka kwa sukari. Ile methilparabeni ni ya kuzuia isioze, imo hata kwenye dawa za maji za watoto. Lakini ameweka na Photo-Flo ya Kodak. Hiyo ni dawa ya kusuuzia filamu za picha zilizokwisha kusafishwa, yeye aliitia ili damu itambae vizuri mwilini. Ni sumu. Damu yake ile haikuwa ya kuingia mdomoni. Kama mtu bingwa namna ile aliweza kuwa na damu isiyofaa kumezwa, ninyi mnaobeba ndoo bila kifuniko mko wapi? Na wewe mwenyewe ndiye uliyenisimulia kwamba kwenye ile filamu ya Psycho, mwaka 1960, walimwaga sharubati ya chokoleti kwa kuwa picha haikuwa ya rangi. Chokoleti, Idi. Hawakwenda kwa mchinjaji.

Basi nimekupikia mwenyewe. Dumu ni la lita 5, sawa na aliyonayo mtu mzima mwilini, kwa hiyo ukilimaliza ujue umeua mtu mmoja kamili. Hiyo ni ya mwilini na nguoni. Ina gliserini ya duka la dawa isikauke upesi, na sabuni ya maji kidogo ili nguo zikubali kufulika. Isiingie mdomoni. Chupa ndogo yenye utepe mweupe ndiyo ya mdomoni: sukari, ndimu, rangi, kakao, basi. Msizichanganye. Muulize kwanza huyo kijana kama kuna kitu kinamdhuru, na jichoni isifike hata hiyo ya sukari. Siku ya tatu ikitoa povu, mwaga. Akishakufa mnawisheni hapo hapo, msimwache amelala chini ya mti huku mnabishana habari za mwanga, maana msituni kuna nyuki na sisimizi, na kwao huyo ni kalimati. Wala asipande bodaboda na shati lile kurudi mjini. Watu hawaulizi.

Unaweza kudhani nakuza mambo. Nikwambie kwa nini. Enzi zetu glavu zilikuwa zinahesabiwa. Kuna zamu tulipokea wazazi kwa mikono mitupu, na mimi gauni la kazi nilikuwa narudi nalo nyumbani, nalilowesha kwenye lile beseni la bluu. Beseni la bluu unalijua lilikuwa la nini tena. Hakuna aliyeugua, alhamdulillah, na sikuwahi kumwambia baba yako. Nikimwona mtu na ndoo ya damu anasema "haina shida mama," namwona nani, wewe fikiri.

Na ile siku ya shati la shule. Nilikuwa natoka zamu ya usiku, nikaona wekundu kifuani, akili ikaruka. Lakini baada ya kujua ni rangi nilikuwa na nafasi ya kusimamisha mkono, na wenzako walikuwa wanatazama. Basi, tuliache hapo.

Watu wakiniuliza unafanya kazi gani Dar nilikuwa nasema uko kwenye kompyuta. Wiki iliyopita nimemwambia mama Salma unatengeneza filamu. Kaniuliza kama ni zile za mapenzi. Nikamwambia hapana, mwanangu ni za kuuana. Amenyamaza mpaka leo.

Fedha za hilo somo la kuhariri nilikunyima si kwa kukosa. Nilikuwa nazo. Nilidhani ukikwama utarudi kwenye uhasibu. Sasa zimo kwenye paa la jikoni, na lenyewe bado linavuja pale juu ya meko. Fundi anataka bati 2 zaidi, kaka yako anasema moja inatosha, wote wawili hawajapanda juu kutazama. Sukari kilo 4 na nusu nimekopa kwa Mpemba, namlipa ubuyu wa Ijumaa ukitoka. Ukipata chochote huko Kisarawe, nitumie ya sukari tu, bati niachie mimi. Zuhura anahitaji viatu, vyeusi vya kamba, asikudanganye kwamba shule imeruhusu raba. Arudi Jumapili, Jumatatu ana mtihani.

Sufuria langu la mpini mmoja ulilochukua Idd, nalo lirudi naye. Hili la kupikia lita 5 nimeazima, nimepika kwa awamu tatu mpaka jikoni kukanata, na paka ana miguu myekundu, baba yako kapiga kelele saa nzima akidhani amekanyaga chupa. Dumu ni la mama Salma, la mafuta, nalo analitaka.

Mama yako.

Huyo kijana mwenye mjomba, mwambie mimi ndiye niliyekataa, kama unaona aibu kumwambia mwenyewe. Namba yangu mpe. Ndoo isipande gari.