Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchumi wa Buluu na Uvuvi: Khabari za angani zifike dikoni

Mheshimiwa Waziri,

Assalamu alaykum. Nakuandikia kutoka Micheweni, Pemba. Mimi ni mwalimu wa Jiografia wa skuli ya sekondari. Mama yangu ni mkulima wa mwani, na wajomba zangu wote ni wavuvi. Nakuletea jambo la anga za juu, na naomba usiliweke kando kwa kudhani ni la wakubwa wa dunia. Kwetu limeanzia ndani ya boti ya faiba.

Kusi la mwaka juzi, mjomba wangu na vijana wawili walitoka dikoni, pale boti zinapoegeshwa na samaki kushushwa, kabla ya alfajiri, wakapita mwambani na kuingia bahari ya mashariki. Jua lilipopanda mashine ikazima. Simu hazikushika mtandao. Waliposhusha nanga haikufika chini, kwa sababu ng'ambo ya mwamba bahari inaporomoka ghafla na kamba yao ilikuwa ya pima thelathini tu. Makasia nayo hayakufua dafu mbele ya upepo ule. Mkondo ukawachukua kaskazini, usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu. Galoni moja ya maji waliinywa kwa kifuniko, kila mmoja kifuniko chake. Siku ya nne wakaokotwa na wavuvi wa Kenya mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Nyumbani tulikuwa tushaanza kumsomea Yasini.

Jioni ile ile ya kwanza tulikwenda kutoa taarifa. Ofisi moja ikatwambia boti haina mafuta, tusubiri kuche. Ofisi nyengine ikatuuliza walikuwa wamefika wapi hasa. Nani angejua? Bahari haina namba za nyumba.

Mjomba anasimulia kuwa kabla ya kuziona ngalawa za wale Wakenya aliona miguu ya chuma imesimama katikati ya maji, mikubwa, imeshika kutu. Akadhani kiu imemharibu macho. Nilipomwambia ni nini hakuniamini mpaka nilipomuonyesha picha. Yale ni majukwaa ya San Marco, ambayo Waitaliano waliyajenga miaka ya sitini kwa kurushia roketi. Tarehe 12 Disemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, setilaiti ilipaa kutoka pale kwenda kupima mionzi ya eksirei ya nyota. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi hiyo peke yake. Setilaiti ya Wamarekani, warushaji Waitaliano, bahari ya Waswahili, na jina waliloipa ni Uhuru. Jina la lugha yetu lilikuwa angani zaidi ya miaka hamsini iliyopita, na mjomba wangu akapita chini ya mlango liliotokea, akielea, hana hata kitu kimoja cha kumwambia mtu yuko wapi.

Na si Malindi peke yake. Unguja ilitangulia. Pale Tunguu, mwanzoni mwa miaka ya sitini, Wamarekani walijenga kituo cha kufuatilia vyombo vya Mercury, mradi wao wa kupeleka watu angani. Tarehe 20 Februari 1962, mwanaanga wao John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, Zanzibar ilikuwa moja ya vituo vilivyomsikiliza njiani. Wazee wengi hawakukitaka kituo kile. Walihofia ni mambo ya vita yamevishwa nguo ya elimu, na kwa dunia ya wakati ule hofu yao ilikuwa na msingi. Mapinduzi yalipofika mwaka 1964, kituo kikafungwa na mitambo ikaondoka na wenyewe. Hatukubakishiwa fundi hata mmoja wala kitabu.

Hilo ndilo linaloniuma, na ndilo sababu ya barua hii. Mara zote mbili anga ilitumia pwani yetu, na pwani yetu haikuitumia anga.

Mheshimiwa, mambo yamebadilika. Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unasema katika kifungu chake cha kwanza kwamba kuichunguza na kuitumia anga kuwe kwa faida ya nchi zote, bila kujali nchi ina uchumi gani au imefika wapi kisayansi. Umoja wa Mataifa una kamati ya kudumu ya matumizi ya amani ya anga za juu tangu mwaka 1959. Inakutana Vienna na ina nchi wanachama zaidi ya mia moja. Maneno ya mikataba huwa matamu, najua. Lakini haya yamezaa vitu vya kushikika.

Chukua simu ya mvuvi yeyote pale Tumbe. Ikiwa ni simu janja isiyo ya zamani sana, kwa kawaida inapokea ishara za setilaiti za kuonyesha mahali, GPS ya Marekani, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, zote kwa pamoja, bila malipo. Hata pasipo mtandao wa simu inaweza kukwambia uko wapi. Mjomba hakulijua hilo. Alizima simu ili kulinda chaji, na hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba namba zile mbili, latitudo na longitudo, angeziandika kwa makaa kwenye ubao na kujua mkondo unampeleka wapi na kwa kasi gani. Mimi ni mwalimu wa Jiografia na ni mtoto wa dada yake. Lawama hiyo najibebesha mwenyewe.

Kuna picha za setilaiti za Sentinel za Umoja wa Ulaya, ambazo mtu yeyote anaweza kuzichukua bure. Zinaonyesha pwani kwa uwazi wa mita 10, na kila baada ya siku chache inakuja nyengine. Ukiziangalia kwa mpango utaona mikoko ilikopungua, na utaona Kisiwa Panza ambako maji ya chumvi yanaingia mashambani. Kuna Meteosat mpya, setilaiti ya hali ya hewa ya Ulaya, inayopiga picha ya Afrika nzima kila dakika 10, na wataalamu wetu wa hali ya hewa wanazitegemea picha kama hizo kuyaona mawingu mazito yakijikusanya baharini. Mwezi wa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuja upande wetu, kilifuatiliwa kutoka juu siku kadhaa kabla ya kugusa nchi kavu.

Lakini naomba nisiipambe setilaiti kupita kiasi, maana nimeona ilipofikia kikomo. Mwani wa mama yangu unakatika. Ule mnene wenye bei, cottonii, huku kwetu umekuwa wa kubahatisha: maji yakipata moto unageuka mweupe kwenye viungo, kama mfupa, halafu ukiushika unakumegukia mkononi. Bamvua moja la Februari nilichukua kipimajoto cha maabara ya skuli na wanafunzi sita, tukakitia baina ya kamba mchana maji yalipokupwa. Kilisoma digrii 36. Siku ile ile ramani ya joto la bahari kutoka angani ilisema 30. Ramani haikukosea, inapima bahari ya nje, haioni maji ya magotini yaliyonasa ndani ya mwamba. Mama alicheka aliponiona nahangaika. Akanambia, "Mimi mguu wangu ushanambia tangu asubuhi." Vipimo hivi viwili vinahitajiana. Setilaiti ingemwambia wiki mbili kabla kwamba bahari nzima inapanda joto, avune mapema au ahamishe pegi kwenye kina. Mguu wake na kipimajoto cha skuli vingewaambia wataalamu kile wasichokiona. Ila hakuna mahali ambapo wawili hawa wanakutana.

Wazee wetu walikutana na anga kila siku. Babu yangu alihesabu miongo, yaani siku kumi kumi, tangu Nairuzi, mwaka mpya wa jua, na alijua siku ya kutia jahazi majini. Alikitazama kilimia, kile kishada cha nyota, na alikuwa akisema, "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua," na kaya nzima ililima kwa neno hilo. Elimu ile ilikuwa ya angani na ilikuwa na mwenyewe katika kila mtaa. Sasa wazee waliobaki wanasema miongo imevurugika, mvua haishiki ahadi. Elimu mpya ya anga ipo, lakini haina mwenyewe mtaani. Inakaa ofisini, kwa lugha ya kigeni, kwenye ramani za rangi ambazo ukizifungua kwenye simu ndogo huoni kitu. Siku moja kabla ya mjomba kutoka, onyo la upepo mkali lilinifikia mimi saa nne za usiku kupitia kundi la walimu. Halikufika dikoni. Mwalimu alionywa kitandani, mvuvi akaenda baharini.

Miaka iliyopita mradi mmoja ulikuja kwetu. Wakawapiga picha kina mama na mwani wao, wakachukua latitudo na longitudo za mashamba, wakatwambia matokeo yatarudi. Hayakurudi mpaka leo. Kwa hiyo ninapokuomba ushirikiano wa kimataifa, naomba ule wenye mlango wa kurudia. Najua mambo ya nje ni ya Muungano na mikataba itapita huko. Lakini masharti ya kazi ndani ya maji yetu una sauti nayo. Kila anayekuja kupima bahari ya Zanzibar aache takwimu zake hapa, aache vijana wawili watatu waliofundishwa kuzisoma, na aeleze alichokiona kwa Kiswahili mbele ya wale aliowapima.

Pa kuziweka papo. Tunguu ile ile iliyokuwa na kituo cha Mercury leo ina Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Vijana wa Kizanzibari washawahi kurusha droni na kuchora ramani ya visiwa hivi, kwa hiyo akili na mikono si tatizo. Nairobi kuna kituo cha kikanda cha ramani na rasilimali, tangu 1975, na Tanzania ni mwanachama. Umoja wa Afrika una shirika lake la anga pale Cairo. Chuo Kikuu cha Nairobi kilitengeneza setilaiti ya ukubwa wa tofali dogo, ikaachiliwa angani mwaka 2018 kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga kupitia mpango wa Japani na Umoja wa Mataifa. Mauritius, kisiwa kama sisi, ikafuata 2021 kwa njia hiyo hiyo. Sisemi tuanze na setilaiti. Nasema tuanze na meza moja Tunguu na moja Pemba, yenye watu ambao kazi yao ni kuigeuza picha ya asubuhi kuwa maneno matatu ya Kiswahili kabla ya adhuhuri, na kuyapeleka kwa masheha, redio za jamii na wenyeviti wa madiko.

Na kuna jambo moja lisilotaka meza. Mwaka 1979, Marekani na Umoja wa Kisovieti wakiwa maadui, walikaa na Ufaransa na Kanada wakaunda mfumo wa setilaiti za kuokoa watu, Cospas-Sarsat. Mpaka leo unafanya kazi. Kifaa chake kina ukubwa wa tochi. Ukikiwasha kinaita angani kwa masafa ya megahezi 406, na kituo cha uokozi kinapata pahala ulipo. Hakina ada ya mwezi. Bei yake ni dola mia kadhaa, na mvuvi mmoja hawezi. Lakini diko linaweza kuwa na vitano, vimesajiliwa, vinatunzwa na kamati. Anayevuka mwamba anatia saini na kuondoka nacho, akirudi anakirejesha kama anavyorejesha galoni ya mafuta. Ninaomba uanze na madiko ya mashariki ya Pemba, kabla ya kusi lijalo. Na boti ya uokozi iwe na mafuta yake yasiyoguswa, kwani kujua mtu alipo bila ya kumfuata ni mateso zaidi.

Njoo utuone, Mheshimiwa. Njoo asubuhi ya bamvua, dagaa wanaposhushwa, ukae na kamati chini ya mkungu. Mjomba amerudi baharini, mashine imetengenezwa, na sasa anaandika namba mbili kwenye ubao kila anapopita mwamba. Anataka akuonyeshe mwenyewe.

Wako katika ujenzi wa nchi,

Mwalimu wa Jiografia,
Micheweni, Pemba